Fulana zimetosha, leteni vifuniko vya soda

Nimekuwa kimya kwa muda. Kazi ilinizidi, na mradi mmoja ulikataa kuisha. Leo nimerudi nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo aliyekuja hapa kutafuta habari za simu mpya asubiri wiki ijayo.

Mwaka 2024 nilialikwa katika hoteli moja hapa Nairobi kuzungumza na wasichana wa shule kuhusu teknolojia. Mimi hualikwa sana. Ukiwa mwanamke na unaandika programu nchini Kenya, wewe ni kama wimbo wa taifa: lazima uimbwe ndipo mkutano uanze. Niliwakuta wasichana kama mia mbili wamevalishwa fulana za rangi moja, bango refu ukutani, wapiga picha watatu, na keki. Hotuba zilianza saa tatu asubuhi zikaisha saa saba mchana. Waliambiwa kwamba wanaweza. Wakaambiwa tena kwamba wanaweza. Saa nne nzima hakuna aliyewauliza swali hata moja la kuwafanya wakune kichwa. Nami nilikuwa miongoni mwa waliohutubu, kwa hivyo sijitoi lawamani.

Mwishoni msichana mmoja alinifuata hadi mlangoni. Akaniambia, "Anti, ningependa kazi kama yako, lakini hesabu inanikataa." Nikamjibu ajitahidi. Ajitahidi! Miaka yote hiyo katika kazi hii, na neno nililokuwa nalo mdomoni ni lile lile ambalo amelisikia tangu chekechea. Usiku huo sikulala vizuri.

Mwezi uliopita nikaalikwa tena. Hoteli ni ile ile, na nina hakika hata bango ni lile lile. Nimekataa. Sababu zangu ndizo hizi, na atakayekasirika akasirike.

Tunawapoteza lini?

Nimewahi kuketi upande wa pili wa meza ya usaili, upande wa wanaouliza maswali. Rundo la barua za maombi liko mbele yetu, na za wanawake unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kila mara mwenzetu mmoja hutikisa kichwa kwa huzuni na kuuliza, "Kwani wasichana wako wapi?" Kisha ananitazama mimi, kana kwamba nimewaficha kwenye mkoba.

Hawakupotelea hapo mlangoni. Walipotea zamani, wakiwa na miaka kumi, kumi na moja, kumi na miwili, siku walipoamua kimoyomoyo kwamba hesabu ni ya watu wengine. Yapo makundi yanayofanya kazi ya maana na wasichana wakubwa. AkiraChix, kwa mfano, ilianzishwa hapa Nairobi mwaka 2010 na imewafunza wanawake vijana wengi. Lakini atakayefika huko ni yule ambaye bado anaamini kichwa chake kinaweza. Aliyekata tamaa akiwa Gredi ya 5 hata fomu hachukui.

Sasa jambo hili limekuwa la haraka kuliko zamani. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na Januari 2026 kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 katika mfumo mpya. Mtoto anachagua mkondo. Mnakumbuka kelele zilizopigwa iliposemekana kwamba hesabu ingekuwa ya hiari katika sekondari ya juu. Aprili 2025 Wizara ya Elimu ikalegeza, ikatangaza kwamba itabaki ya lazima, ila kwa aina mbili: hesabu nzito kwa mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu zenyewe, na hesabu nyepesi zaidi kwa mikondo mingine miwili.

Sina ugomvi na hesabu nyepesi. Mtoto anayependa muziki au historia asome anachokipenda. Ugomvi wangu ni na yule anayechagua nyepesi kwa woga. Msichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anafunga mlango, na hakuna anayemwambia kwamba ameufunga, kwa sababu kwa nje inaonekana amechagua tu.

Woga unatoka wapi?

Hapa nitazungumza kama mtu wa programu. Watu hudhani kazi yangu ni kujua majibu. Kazi yangu ni kukosea kwa bei nafuu. Kabla ya chakula cha mchana tarakilishi (kompyuta, kwa nyinyi mnaolicheka neno hilo) imeshaniambia mara thelathini kwamba nimekosea. Haniiti mtu mbele ya darasa. Hakuna anayecheka. Nasoma ujumbe wa kosa, narekebisha, najaribu tena. Baada ya siku mbili programu inafanya kazi, na watu wanasema nina akili.

Sasa linganisha na darasa la watoto sitini. Mwalimu, maskini, ana dakika thelathini na tano na mtaala wa kumaliza. Anauliza swali, mkono wa kwanza unapanda, jibu linapatikana, tunasonga mbele. Wengine hamsini na tisa hawakupata nafasi ya kukosea. Na yule aliyethubutu akakosea alichekwa. Humo darasani kosa moja lina bei ya wiki nzima ya kutaniwa. Msichana ambaye amefundishwa nyumbani kuwa nadhifu, kunyamaza na kutotia aibu anapiga hesabu yake haraka sana: ni afadhali asiinue mkono. Mtoto huyo si mjinga. Amesoma bei sokoni na akaamua kutonunua.

Kwa hivyo hotuba za "unaweza" hazisaidii kitu. Bei ya kukosea ndiyo ishuke. Na mimi sijaona njia ya kuishusha iliyo rahisi kuliko hii: watoto wachache, meza moja, mchezo, na mtu mzima anayejua kunyamaza.

Tunachofanya Jumamosi

Tangu mwanzo wa 2025 nina klabu mtaani kwetu, Eastlands. Neno klabu ni kubwa. Ni wasichana sita wa kati ya Gredi ya 4 na ya 7, meza yangu ya kulia chakula, chai na mandazi. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri. Mlango wa mbele uko wazi, jirani yangu hufuma sweta zake pale kibarazani, na kila mzazi anajua mtoto wake yuko wapi na atarudi saa ngapi.

Siku ya kwanza nilimwaga vifuniko 21 vya soda mezani. Sheria: mnacheza wawili wawili, kila mtu kwa zamu yake anachukua kimoja, viwili au vitatu, na anayechukua cha mwisho ndiye mshindi. Basi. Walicheza wakipiga kelele kama wako uwanjani. Baada ya nusu saa mmoja wao akasema, "Anti, ukiniachia vinne nimekwisha." Nikauliza kwa nini. Akafikiri, akasema, "Nikichukua kimoja wewe unachukua vitatu. Nikichukua viwili wewe viwili. Nikichukua vitatu wewe kimoja." Nikanyamaza. Kunyamaza huko kulinitoa jasho kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa.

Jumamosi iliyofuata wakagundua kwamba hata vinane ni vibaya. Ya tatu, mdogo kuliko wote alipanga vifuniko vyote kwa mafungu ya nne nne, akakitazama kile kimoja kilichobaki, akapiga ukelele: anayeanza achukue kimoja tu, kisha kila zamu amwachie mwenzake mafungu kamili! Hakuna aliyemfundisha. Mtoto wa Gredi ya 4 alikuwa amegawanya 21 kwa 4, akaona baki, na akaeleza baki hilo ni la kazi gani. Shuleni amefanya mamia ya hesabu za kugawanya zenye baki. Hii ndiyo ya kwanza iliyokuwa yake.

Siku nyingine tulichora bahasha iliyofunguliwa: mraba, mistari miwili inayokatana ndani, na paa juu. Uichore bila kuinua kalamu wala kupita mstari mmoja mara mbili. Ukianzia pembe ya chini utafaulu, ukianzia juu utakesha. Kwa nini? Hesabu mistari inayokutana katika kila pembe. Pembe mbili za chini zina mistari mitatu kila moja, nyingine zote zina idadi inayogawanyika kwa mbili. Leonhard Euler alilichambua swali la aina hii mwaka 1736 kwa ajili ya madaraja ya mji wa Königsberg. Wasichana wangu walilijadili kwa ajili ya matatu: dereva anayetaka kupita kila barabara ya mtaa mara moja tu aanzie wapi?

Tumecheza pia mchezo wa kukisia namba kati ya 1 na 100 kwa maswali ya ndiyo na hapana. Mwanzoni walikisia ovyo. Baadaye mmoja akaanza kukata katikati: "Imezidi hamsini?" Ukikata nusu kila mara, maswali saba yanatosha. Nikawaambia kwamba tarakilishi hutafuta jina katika orodha iliyopangwa kwa ujanja huo huo, na kwamba hata majina yakiwa milioni moja, maswali ishirini yanatosha. Walikataa kuniamini. Wakachukua daftari, wakawa wanazidisha mbili kwa mbili kwa mbili hadi wakapita milioni. Hakuna aliyewaambia wafanye zoezi.

Na tuna bao. Babu zetu walituachia ubao wenye mashimo 32 na kete 64, wenye hesabu ndani yake kuliko vitabu vingi vya mazoezi, nasi tumeuacha chini ya mwembe kwa wazee wa kiume. Mimi nimeuleta mezani.

Nilivyoharibu

Msidhani najisifu. Muhula wa kwanza nilifanya upumbavu wa watu wa programu: nikaweka jedwali la alama ukutani. Nyota kwa anayeshinda, jina la kwanza juu, la mwisho chini. Nilidhani nawatia moyo. Baada ya wiki tatu msichana mmoja akaacha kuja. Nilimwendea mama yake, anayeuza mboga kwenye kona, naye akamwita mtoto aseme mwenyewe. Akasema kwa upole kabisa, "Huko ni kama shule tu, Anti."

Nilirudi nyumbani nikachana lile jedwali. Yeye hajarudi mpaka leo. Hunisalimia vizuri njiani, na nafasi yake ilichukuliwa na mwingine, lakini najua ni mimi niliyempandishia bei ya kukosea, nyumbani kwangu, kwa nyota za karatasi.

Mtaniuliza

*Kwa nini wasichana peke yao?* Nilijaribu kuchanganya. Vifuniko vikimwagwa, mikono ya wavulana hufika kwanza, na wasichana huanza kutazama badala ya kucheza. Sina neno na wavulana. Waanzishieni yao, hata mimi nitawakopesha vifuniko.

*Kwa nini usiwapeleke tuisheni?* Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni za likizo, na bado wazazi wanajinyima kuzilipia. Mtoto anapata nini? Kile kile kilichomshinda Jumatatu, sasa anakipata na Jumamosi pia. Mtu akisongwa na ugali humwongezi ugali.

*Mbona usiwaandae kwa mashindano?* Mashindano yana watu wake na nawaheshimu. Lakini mfikirieni Maryam Mirzakhani wa Iran, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kupata nishani ya Fields, mwaka 2014, baada ya nishani hiyo kutolewa kwa wanaume peke yao tangu 1936. Alipokuwa msichana mdogo, mwalimu mmoja hakuona kipaji chochote kwake, na mwaka huo alifanya vibaya katika hesabu akapoteza hamu. Mwaka uliofuata alipata mwalimu aliyemtia moyo. Baadaye akashinda dhahabu katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hesabu, 1994 na 1995. Hamu ilirudi kwanza, medali zikafuata. Sisi tunataka kuanza na medali.

*Hatuna kompyuta.* Hata mimi sizitumii Jumamosi. Tarakilishi ya ENIAC ilipoonyeshwa kwa umma huko Marekani Februari 1946, waliokuwa wameiandalia programu ni wanawake sita, waliojifunza kazi hiyo kutoka kwenye michoro ya mashine kabla hawajaruhusiwa kuigusa. Sita, kama wangu. Kichwa kwanza, mashine baadaye.

*Mimi si mwalimu wa hesabu.* Vizuri sana! Hutakuwa na haraka ya kutoa jibu.

Basi anza

Hii ndiyo orodha yangu fupi. Ikatwe, ipigwe picha, ibandikwe.

1. Wasichana wanne hadi sita. Wakifika wanane, gawanya. Ukiwa na kumi na wawili tayari una darasa, na nyuma ya darasa kuna mahali pa kujificha.
2. Wazazi wajue, mlango uwe wazi, na mtu mzima wa pili awe karibu.
3. Swali moja kwa siku. Lisipoisha, litasubiri Jumamosi ijayo.
4. Hakuna alama, nyota wala zawadi. Nimewaambia sababu.
5. Ukilijua jibu, meza mate. Uliza "umejuaje?" kwa aliyepata na kwa aliyekosa, kwa sauti ile ile.
6. Mandazi yawe ya kutosha.

Kama mtaani kwenu klabu ipo tayari, usianzishe ya kushindana nayo. Jiunge. Omba kuketi pembeni siku moja, usikilize ni sauti ya nani inayosikika zaidi. Ikiwa ni ya mtu mzima, jaribu kwingine. Na mtoto akirudi nyumbani usimuulize amepata ngapi. Muulize leo amekosea nini. Akikujibu akicheka, mwache aendelee kwenda.

Nawageukia sasa wenzangu wa programu, nyinyi mnaotikisa vichwa kwenye usaili. Gharama ya muhula mzima kwangu ni unga, mafuta, majani ya chai na madaftari machache. Vifuniko niliviokota bure kibandani. Haifiki bei ya lile bango la hotelini. Mkishindwa, msiniambie ni pesa. Semeni ni Jumamosi zenu mnazozionea uchungu, nami nitawaelewa, kwa sababu hata zangu naziona uchungu. Mechi nyingi zimenipita.

Ila msinialike tena kuwaambia wasichana mia mbili kwamba wanaweza. Nipeni sita, na mnipe muda.

Na kwa kuwa mmenisoma hadi hapa, chukueni hili la kwenda nalo. Vifuniko 25 mezani. Wachezaji wawili, kila mmoja kwa zamu anachukua kimoja, viwili au vitatu. Lakini safari hii anayechukua cha mwisho ndiye *anayeshindwa*. Ungependa kuanza wewe, au ungemwachia mwenzako aanze?

Ukilipata jibu, usimwambie binti yako. Mpe vifuniko.